Wakuu, kondoo ndo wanaua majani ya asili au kuna kitu kingine? Shamba langu Misungwi linaisha

#1 Mfugaji_Usagara
Habari za jioni wakuu. Naomba kueleweshwa na wenye uzoefu wa kondoo, hasa nyie wa huku kwetu Kanda ya Ziwa, maana video za Afrika Kusini nimeangalia mpaka bando limekata na hazigusi shida yangu.

Nina heka 10 Misungwi, nimezungushia minyaa na waya. Ndani kulikuwa na yale majani ya asili marefu ya kudumu, yanayoota mashina mashina na yakikauka yanageuka mekundu. Nikaweka kondoo 40 wa kienyeji. Mwanzo walinenepa vizuri sana, mpaka watu wakawa wanasimama barabarani kuwaangalia. Sasa huu msimu wa tatu yale mashina yamebaki vitako vyeusi, katikati udongo mtupu, mvua ikinyesha kinaota kijani kifupi laini, kinatoa mbegu haraka haraka kinakufa, kiangazi hakuna kitu kabisa. Na kondoo wamekonda hata kipindi ambacho kijani kipo, hapo ndo sielewi kabisa.

Jirani yangu tumetenganishwa na ua wa minyaa tu. Yeye ana ngitili (malisho ya kufungwa kwa msimu), anaingiza ng'ombe na kondoo kila mwaka na jani lake liko vilevile. Udongo mmoja, mvua moja. Mtu wa duka la dawa za mifugo kaniambia nilime nipande Rhodes (majani ya malisho ya kupandwa) niachane na majani ya porini. Nyumbani wanasema tuuze kondoo tulime. Kabla sijaamua naomba mnisaidie, nini hasa kimeua lile jani?

#2 Nyegezi_Kona
Nakaa hapa nasubiri wataalamu, na mimi nina mpango wa kondoo Sengerema.

#3 BeberuWaMagu
Kondoo, mkuu. Ng'ombe anazungusha ulimi anavuta jani, anakata juu anaacha kisiki cha kutosha. Kondoo mdomo mwembamba, ule wa juu umepasuka katikati, anafika hadi kwenye udongo na anachagua, shina kongwe analiruka anafuata lile lililochipua jana. Sasa jani la kudumu linachipua kwa akiba iliyoko kwenye kitako na mizizi, likitoa majani mawili kondoo kakata, linatoa tena kakata, akiba inaisha linakufa. Nilifuga Magu nikaona kwa macho yangu, nikahamia mbuzi ambao wanakula vichakani na jani langu limerudi. Uza.

#4 Mzee_wa_Ngitili
Vijana habarini. Beberu hapo kwenye mdomo umesema kweli ila hukumu yako siikubali. Usukuma tumefuga kondoo toka enzi za mababu na jani lilikuwepo. Kilichokuwepo kingine ni kufunga. Ngitili inafungwa mvua zikianza, haingii mnyama hata mmoja, jani linakua, linatoa mbegu, zinadondoka, halafu mwezi wa saba wa nane ndo inafunguliwa wakati huko nje hakuna kitu. Ilikuwa na sheria zake, dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, ikishapitisha ukiingiza mifugo wakati wa kufunga unalipa faini.

Ilivyokuja operesheni vijiji mwaka 1974 na 1975 watu wakahamishwa, ngitili nyingi zikabaki hazina mwenyewe na nchi ikawa jangwa hasa upande wa Shinyanga. Mwaka 1986 ukaja mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ukaenda hadi 2004, na sehemu kubwa ya walichofanya ni kuwaambia watu rudisheni ngitili zenu. Majani yakarudi, miti ikarudi, hakuna aliyepanda jani. Na kondoo walikuwepo muda wote huo. Kwa hiyo usimlaumu kondoo, mlaumu aliyemweka sehemu moja miezi 12.

#5 Sengerema_One
Shikamoo mzee. Hii mada ya ngitili ifunguliwe uzi wake kabisa.

#6 Mzee_wa_Ngitili
Marahaba mwanangu.

#7 Dawati_la_Malisho
Nimesoma malisho pale chuo cha mifugo Mabuki, naomba tuweke hesabu mezani kwanza. Kondoo wa kienyeji tuseme kilo 30, kwa siku anakula kama asilimia 3 ya uzito wake kwa kipimo cha jani kavu, yaani karibu kilo moja. Kondoo 40 ni karibu kilo 36 kwa siku, kwa mwaka tani 13. Heka 10 ni hekta 4. Jani la asili bila mbolea ukipata tani 3 kavu kwa hekta shukuru Mungu, kwa hiyo shamba lote linatoa tani 12. Na hutakiwi kula zote, unakula nusu nyingine unaliachia jani lenyewe, maana ukikata zaidi ya nusu ya majani yake mizizi inasimama kukua. Umebaki na tani 6 na mahitaji ni 13.

Mzee yuko sahihi kwenye kupumzisha na Beberu yuko sahihi kwenye mdomo, ila hata ungekuwa na ngitili nzuri namna gani kondoo 40 hawakai hapo mwaka mzima. Wakae 18 hadi 20.

#8 Mfugaji_Usagara
Asanteni sana wote. Dawati, hesabu nimeielewa ila kuna kitu umeruka, hawa hawali humo tu. Mahindi yakivunwa wanatoka wanakula mabua, mpunga ukivunwa wanaingia majarubani, kwa hiyo miezi kadhaa hawako ndani. Na jirani yangu nikihesabu ng'ombe wake (si mnasema ng'ombe mmoja ni kondoo kama 7) yeye anapitiliza kuliko mimi. Jani lake liko pale pale.

#9 Dawati_la_Malisho
Wanatoka miezi gani? Mabua ni kiangazi. Yani unawatoa wakati jani limelala na unawarudisha mvua zikianza, wakati jani ndo linachipua kwa akiba. Yeye anafanya kinyume chako. Hapo hata mimi naanza kuelekea kwa mzee, wakati una uzito kuliko idadi.

#10 Beberu WaMagu_Fan
Yani Dawati komenti mbili tu umeshahama timu 😂

#11 Luseni_na_Mbuga
Mnabishana wakati mleta mada hajasema udongo gani. Kusema udongo mmoja kwa sababu mmepakana hapa Usukuma haipo, unaweza ukatoka luseni (udongo wa kichanga) juu mlimani, ukashuka itogolo, ukafika mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi) ndani ya hatua mia tatu. Itogolo ina tabaka gumu chini, kondoo 40 wakikanyaga ikiwa na unyevu inafunga kabisa, maji yanapita juu hayaingii, hata upumzishe miaka jani la kudumu litahangaika. Mbuga nyeusi inapasuka yenyewe kiangazi, ikinyesha inafunga, kwa hiyo inajilima. Mkuu chukua jembe chimba upande wako, halafu muombe jirani uchimbe kwake, urudi hapa.

#12 Nipo_Armidale
Wadau, mi mtu wa Igoma ila kwa sasa nasoma huku New South Wales, Australia, na hii mada ni kama mmeandika historia yao. Jani analosema mleta mada likikauka linakuwa jekundu, kama mbegu zake zina kimkia kirefu cheusi kinachojipinda, basi ni Themeda triandra. Lipo Serengeti, lipo kwetu, na lipo huku pia kiasili kabisa, wao wanaliita jani la kangaruu. Wazungu walipofika na kondoo wao miaka ya 1800 lilikuwa limetanda maeneo makubwa. Wakaweka merino (kondoo wa sufu) mashamba makubwa mwaka mzima bila kuhamisha, Themeda ikapungua sehemu nyingi sana, sasa hivi unaikuta makaburini, pembezoni mwa reli, sehemu ambazo kondoo hajafika. Baadaye wakamwaga mbolea ya fosfeti na kupanda klova (jani la malisho jamii ya kunde), likazidi kukimbia maana lenyewe halitaki udongo wenye rutuba nyingi.

Ila sasa kuna wafugaji wamegawanya mashamba vipande vingi, kondoo wote wanaingia kipande kimoja siku chache halafu kinapumzika miezi, na jani linarudi kwa baadhi yao. Nimetembelea shamba moja hivi, mwenyewe alipiga magoti akanionyesha miche midogo ya Themeda katikati ya mashina makubwa, alikuwa na furaha kuliko ya kuonyesha kondoo zake.

#13 Sengerema_One
Wa Igoma huyo sasa hivi anasema "huku kwetu New South Wales" 😂 rudi utupe darasa kwa vitendo.

#14 Luseni_na_Mbuga
Armidale asante ila tuwe makini kuchukua ratiba ya huko. Kule wana baridi mpaka barafu ya asubuhi, jani lao linalala kwa baridi, la kwetu linalala kwa ukame. Sisi tuna vuli kuanzia mwezi wa kumi na masika kuanzia wa tatu, jani linaamka mara mbili. Miezi ya kupumzisha haiwezi kuwa sawa.

#15 Mama_Kisesa
Samahanini naona wote mko kwenye jani, mimi nimeshika ile sentensi ya "wamekonda hata kijani kikiwepo". Hao wana minyoo baba. Mshike mmoja mmoja, vuta kope la chini la jicho utazame ndani. Likiwa jekundu au pinki nzuri yuko salama, likiwa limepauka kuelekea weupe damu imeisha, na ukimpapasa chini ya taya ukakuta kauvimbe ka maji ndo hali mbaya zaidi. Ni mnyoo wa tumboni unaonyonya damu, Haemonchus, huyu ndo muuaji wa kondoo huku kwetu.

Na inarudi kwenye jani hapohapo. Mayai yanatoka na kinyesi, kwenye joto na unyevu ndani ya kama wiki moja mabuu yako tayari kuingia mwilini, yanapanda kwenye umande, na mengi yanakaa sentimita 5 za chini kabisa za jani. Jani lako likiwa refu kondoo anakula juu ya minyoo. Likiwa kipara anakula minyoo yenyewe kila siku. Kwa hiyo kipara kimeleta minyoo, mnyama mgonjwa haongezeki, unaona majani hayatoshi kumbe damu haitoshi.

Usitoe kabla umande haujakauka. Na dawa usimnyweshe kila mtu kila mwezi, unazoesha minyoo dawa, mpe yule ambaye jicho limepauka.

#16 Mfugaji_Usagara
Mama shikamoo, kesho asubuhi naangalia macho. Ila nilikuwa nawapa albendazole mara kwa mara.

#17 Mama_Kisesa
Marahaba. Dawa moja ileile mara kwa mara ndo inavyochoka. Muombe daktari wa mifugo apime kinyesi kabla na baada ya dawa, utajua kama bado inafanya kazi. Na albendazole usimpe jike mwenye mimba changa, mwezi wa kwanza, inaharibu mtoto.

#18 Nansio_Kisiwani
Naongezea kwa mama. Kama ana sehemu ya chini yenye maji maji asisahau minyoo ya ini. Sisi Ukerewe kwa kuwa kila upande ni ziwa, kondoo wakishuka kwenye majani ya ukingoni wanaokota kwa konokono. Wanakonda, wanavimba taya vilevile, jicho linapauka vilevile, unatoa dawa ya Haemonchus hakuna nafuu. Siku hizi ukingoni nimezuia kabisa, wananywa kwenye hodhi.

#19 Mtaji_Mdogo
Mi nadhani mnakuza mambo. Wape madini ya ng'ombe na ile pumba ya kuku iliyobaki bandani wachanganyie, watanenepa hata kwenye kipara.

#20 Dawati_la_Malisho
Mtaji hapana, tafadhali mtu asifuate hiyo. Kondoo hawezi kutoa shaba mwilini kama ng'ombe, inajikusanya kwenye ini kimyakimya halafu siku moja anakojoa mkojo wa damu anakufa. Madini ya ng'ombe na chakula cha kuku mara nyingi vina shaba nyingi kwake. Nunua yaliyoandikwa ya kondoo, ukikosa bora chumvi ya kawaida.

#21 Mtaji_Mdogo
Sawa mkuu nimepokea, hiyo ya shaba sikuwahi kuisikia.

#22 Ndabaka_Geti
Kuna mchawi mmoja hamjamtaja, nao ni moto kukosekana. Mi nakaa karibu na Serengeti, barabara ya Musoma. Lile jani jekundu linakula moto kila baada ya muda, linachomwa kiangazi, mvua ya kwanza linatoka kijani tupu. Likiachwa miaka mingi halijaliwa wala kuchomwa linajifunika lenyewe na makapi yake, kitako kinakosa mwanga, kinaoza. Nyumbu wanapita humo kwa maelfu wanakula wanakanyaga wanaondoka zao. Hawarudi mpaka mwakani. Hamna waya.

#23 BeberuWaMagu
Ndabaka shamba la mwenzio ni kipara, moto utachoma nini sasa? Moto ni wa mwenye jani la ziada. Halafu ukichoma ukarudisha kondoo wakiona vichipukizi vipya umemaliza kazi kabisa.

#24 Ndabaka_Geti
Sijasema achome sasa hivi. Nasema jirani yake muulize kama huwa hachomi. Mzee wa Ngitili jibu na wewe.

#25 Mzee_wa_Ngitili
Ngitili haichomwi. Moto ndo adui namba moja, tunakata njia ya moto kuizunguka. Makapi anayosema yanaliwa kila kiangazi ndo maana hayajai. Mbugani huko ni kitu kingine.

#26 Kamanga_Feri
Hiyo ya nyumbu ndo anayohubiri yule Mzimbabwe Allan Savory, kwamba kundi kubwa, muda mfupi, likanyage livunje tabaka la juu la udongo, likojoe, liondoke. Luseni ile itogolo yako kwa mujibu wake inahitaji kwato zaidi, sio pungufu.

#27 Luseni_na_Mbuga
Savory anabishaniwa na watafiti wengi, majaribio mengi ya kuhamisha hamisha hayakuonyesha jani zaidi kuliko kuweka idadi ndogo ya mifugo muda wote. Na itogolo yenye maji ukiongeza kwato unatengeneza sakafu. Aje na kondoo zake Kwimba nimuonyeshe.

#28 Kamanga_Feri
Wafugaji wanaofanya wanasema wanaona mabadiliko, watafiti wanasema hawaoni. Mi nawaamini wenye shamba.

#29 Nipo_Armidale
Hata huku hawajakubaliana, kuna walimu wawili jengo moja ukiwauliza hili swali unapata majibu mawili.

#30 Sungusungu_Mstaafu
Mchwa je? Mwaka wenye ukame mchwa wanakata jani kavu usiku na kulivuta chini, asubuhi unakuta vijishimo vimejaa mabua, unasingizia kondoo. Nimeona eneo lililofungiwa kabisa likabaki jeupe.

#31 Nyegezi_Kona
Samahani natoka nje ya mada, hivi Dorper na hawa wa kienyeji nianze na nani kwa majani ya asili? Na nyama ya kondoo soko Mwanza liko vipi, maana hotelini naona mbuzi tu.

#32 Mama_Kisesa
Soko lipo zaidi wakati wa Idi. Mbegu, kama hutaki kulala na sindano mkononi chukua wekundu wa Kimasai au chotara wao, hao wanastahimili Haemonchus, Wakenya wamewapima miaka mingi. Dorper ni Dorset Horn na Persian mweusi kichwa waliochanganywa Afrika Kusini miaka ya 1930, sehemu kame, anakua haraka lakini huku kwenye unyevu wa ziwa minyoo inamkalia. Zuri la wote hao hawana sufu ndefu, mbegu za Themeda zenye mkia hazijishoni mwilini sana kama kwa merino.

#33 Mashudu_Tu
Mi nanunua mashudu ya pamba kiwandani. Hapa kuna kitu nataka mleta mada asikie kabla hajalima. Jani la asili likikauka protini inashuka chini ya asilimia 7, hapo wadudu wa tumboni mwa kondoo wanakosa nguvu ya kuvunja nyuzi, anashiba tumbo kubwa huku anakonda. Ukimpa gao dogo la mashudu anakula lile jani jekundu kavu tena mengi. Usiku na mchana tofauti. Jirani yako kama ana mashudu usilinganishe ngitili yake na yako.

#34 BeberuWaMagu
Sasa akila mengi zaidi si ndo kipara kinaongezeka? 😄

#35 Mashudu_Tu
Kiangazi akila jani kavu hadhuru kitu, jani limeshalala. Soma #9.

#36 Dawati_la_Malisho
Hilo ni kweli ila abaki na kifuniko cha udongo, mvua ya kwanza isikute udongo uchi. Na kuhusu Rhodes, nayo ni ya asili ya Afrika, Chloris gayana, jina tu ndo la Cecil Rhodes aliyeipanda shambani kwake Cape. Sio mbaya, ila ukiilisha namna ileile baada ya misimu mitatu utafungua uzi mwingine kama huu. Kama lazima upande, panda Cenchrus ciliaris ya kule Kongwa, ina mizizi mirefu na inavumilia kuliwa karibu na udongo kuliko Themeda. Ila usilime shamba lote, mwagia pale penye kipara tu.

#37 Mfugaji_Usagara
Wakuu nimerudi. Asante mama, kati ya 40 zaidi ya robo macho yamepauka, daktari kachukua kinyesi. Nimechimba pia. Upande wangu wa juu jembe linagonga kitu kigumu kabla ya kufika kipimo cha mkono, upande wa chini ni mbuga nyeusi, na kipara kipo pande zote mbili, kwa hiyo Luseni una haki nusu.

Halafu nimeng'oa vitako vitatu. Kwa nje vyeusi, vimekufa. Nikavipasua kwa kisu, viwili vikavu mpaka ndani, cha tatu pembeni kabisa kulikuwa na chipukizi jeupe saizi ya punje ya mchele, bado bichi, na mzizi mmoja wenye unyevu. Nikavuka kwa jirani nikalinganisha, kitako chake ni kipana nimekishika kwa mikono miwili, kimejaa vichipukizi kuzunguka chote. Nikamuuliza kuhusu mashudu, hanunui. Nikamuuliza kuhusu moto akakunja uso. Ila kanishangaza kwenye kitu kimoja, anasema ng'ombe ndo wanaotangulia kuingia, wakishakula wakashusha jani ndo kondoo wanafuata, na hawakai humo mpaka mvua ya kwanza, anawatoa kabla.

Kwa hiyo nafunga heka 5 za mbuga kuanzia vuli hii, hakuna kuingia. Kondoo nitapunguza. Zile tano za juu sijajua.

#38 Luseni_na_Mbuga
Za juu weka matuta ya kukinga maji, lundika matawi ya miiba kwenye kipara, mbegu zitanasa humo. Usiingize kwato.

#39 Kamanga_Feri
Ingiza kwato! Kondoo wote siku mbili udongo ukiwa mkavu, toa, funga mwaka.

#40 Mzee_wa_Ngitili
Hicho chipukizi umekipata wapi, kwenye mbuga au kwenye itogolo? Kama ni mbuga funga na usifungue mwezi wa saba mwakani, subiri mbegu za msimu wa pili. Kuruka mwaka mmoja hakuui mtu.

#41 Dawati_la_Malisho
Mzee kwa heshima, miwili ni mingi mno kwa mtu mwenye heka 10. Afungue wa nane, wiki mbili tatu, ng'ombe wa jirani watangulie kama alivyosema, atoe.

#42 Mfugaji_Usagara
Ni kwenye mbuga mzee. Kule juu nimepasua vingine sita jioni hii, vyote vikavu.